Nyumba ya Sinema ya Vuga, na Jinsi Watu Walivyofahamu Lugha Wasiyoijua

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za ngoma na jando, za mithali na mafumbo, za desturi za ndoa na za maziko. Na ni vema, kwa kuwa mambo hayo yasipoandikwa yatapotea pamoja na wazee wayajuao. Lakini iko desturi moja ya mjini ambayo wenzetu waalimu na mapadre hawakuidhania kuwa ni desturi, nayo imekwisha kutoweka mbele ya macho yetu. Twataka kunena habari za nyumba ya sinema iliyokuwa Vuga, katika mji wa Unguja, ambayo kwanza iliitwa Royal na baadaye Majestic. Hatukukusudia kuisifu sinema wala kuilaumu. Twataka tu kujibu swali tuliloulizwa na mwalimu wetu siku nyingi zilizopita, ambalo siku ile hatukuweza kulijibu.

Ilikuwa hivi. Katika miaka ya 1980 tulikuwa wanafunzi katika shule ya Misioni upande wa bara, na likizo moja tukavuka bahari kwenda kukaa kwa mjomba wetu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Unguja. Jumapili asubuhi tulikwenda ibada Mkunazini, na jioni yake mjomba akatupeleka Majestic kuona picha ya Kihindi, jina lake Mother India. Tuliporudi shuleni mwalimu akatuamuru tuandike insha ya habari za likizo, nasi tukaandika kurasa tatu, habari ya picha ile tangu mwanzo hata mwisho. Daftari likarudi bila alama hata moja, na chini yake, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika kwamba mtu hawezi kuijua habari ya watu wasemao lugha asiyoijua, kwa hiyo tumesema uongo. Tukapigwa viboko vinne, viwili kwa kwenda sinema, na viwili kwa uongo. Viwili vya kwanza tulivistahili kwa sheria ya shule. Viwili vya pili hata leo hatujaviona kuwa vya haki.

Yafaa kwanza tueleze nyumba yenyewe. Aliyetangulia katika kazi ya sinema Unguja alikuwa Bwana Hassanali Adamali Jariwalla, mfanyabiashara Mhindi. Alianza mapema katika karne ya ishirini kwa kuonyesha picha ndani ya hema, kisha katika jengo la mabati ambalo watu waliliita Sinema ya Bati, na mwaka 1921 akafungua nyumba ya mawe pale Vuga, ndiyo Royal. Ramani yake ilichorwa na Bwana J. H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtumishi mkubwa wa serikali, na ambaye baada ya mwaka mmoja akawa Balozi wa Uingereza katika Unguja. Mkono uliochora nyumba ile ya picha ndio uliochora Mahkama Kuu, ambayo nayo i papo hapo Vuga, na ndio uliochora Beit el-Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925. Atakaye kujua sinema ilikuwa na heshima gani katika mji ule na afikiri jambo hilo: nyumba ya kuhukumia, nyumba ya kuhifadhia mambo ya kale, na nyumba ya kutazamia picha, zote zilitoka katika fikira ya mtu mmoja, na mahali pake ni mwendo mfupi tu kwa miguu.

Royal iliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mahali pake pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955, kazi ya Bwana Dayalji Pitamber Sachania, naye akaijenga kwa mtindo mpya wa wakati ule, usiokuwa na makuba wala nakshi za Kiarabu kama alivyopenda Sinclair. Kulikuwa na nyumba nyingine pia, Empire, Sultana, na Cine Afrique ya Malindi, na watu walikuwa na mapenzi yao; lakini sisi twanena ya Vuga kwa kuwa ndiyo tuliyoingia.

Ndani ya nyumba ile watu walikaa kwa bei. Mbele kabisa, karibu na kitambaa, ndipo palipokuwa rahisi, na huko walikaa watoto na vijana wa Ng'ambo, shingo zikiwauma kwa kutazama juu. Nyuma na ghorofani palikuwa ghali. Hata hivyo paa lilikuwa moja na giza lilikuwa moja. Mhindi mwenye duka, karani wa Kingazija, Mwarabu mwenye shamba, mchukuzi wa karafuu, na wakati mwingine Mzungu wa serikali, wote walicheka mahali pamoja na kunyamaza mahali pamoja. Twauliza: palikuwa na mahali pengine mjini ambapo watu hawa waliketi pamoja kwa saa tatu? Si msikitini, si kanisani, wala si shuleni, kwa maana shule nazo ziligawanywa kwa kabila katika siku za Waingereza. Hatusemi kwamba sinema iliwafanya kuwa ndugu. Mambo yaliyotukia Unguja mwaka 1964 yangetusuta mara.

Wanawake walikuwa na nafasi yao. Ilikuwa desturi kuwekwa maonyesho ya alasiri kwa wanawake peke yao, yaitwayo zanana, na wale wa nyumba za mawe, ambao kwa kawaida hawakutoka ila kwa arusi na matanga, walikuja kwa makundi katika mabuibui yao pamoja na watoto na watumishi. Na katika siku za Idi watoto walijaa tangu asubuhi, wakiwa na fedha za sikukuu mkononi na nguo mpya mwilini.

Sasa turudi kwenye swali la mwalimu wetu.

Picha za kwanza hazikuwa na sauti, kwa hiyo zilikuwa za watu wote sawasawa. Mwaka 1931 ikatoka huko Bara Hindi picha ya kwanza yenye maneno na nyimbo, Alam Ara, na baada ya hapo picha za Kihindi zikaja Unguja zikisema. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo watu wasiojua Kihindi wangeacha kwenda. Ikawa kinyume chake: wakazidi. Na zile za Misri zilipokuja, zenye sauti ya Umm Kulthum, wakaenda vilevile, ijapokuwa Kiarabu cha Misri si Kiarabu cha chuoni ambacho mtoto wa Unguja amekariri.

Wakati huohuo wako watu wenye elimu waliokuwa na shaka kama Mwafrika aweza kufahamu picha hata kidogo. Nasi wa Misioni tusijitenge na habari hii, maana ni yetu. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa shauri la Bwana J. Merle Davis, lilianzisha kazi ya kujaribu picha za mafundisho kwa Waafrika, na makao ya kazi hiyo yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Meja Notcutt ndiye aliyesimamia utengenezaji wa picha, pamoja na Bwana Latham kwa upande wa elimu. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza picha 35, nazo zikatembezwa kwa motokaa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, maneno yake yakitoka katika sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Ziliwafundisha watu habari za akiba ya posta, za minyoo ya safura, na za kilimo. Walikuwa watu wema, na kazi yao haikuwa bure, wala hatuandiki ili kuwacheka. Tena walitumia wachezaji Waafrika, na wengine wakashika kazi za ufundi, jambo ambalo halikuwa dogo siku zile. Lakini walioshika kazi ya namna hiyo baada yao, ndio wale wa idara ya picha za makoloni iliyoundwa London mwaka 1939, waliifanya kuwa sheria kwamba picha ya Mwafrika iende polepole, isirukeruke kutoka mahali hata mahali, isichanganye mambo mawili, kwa kuwa akili yake haijazoea.

Tangu Vugiri hata pwani si mbali, na kutoka Tanga hata Unguja ni safari fupi ya chombo. Laiti mmoja wao angaliketi jioni moja katika viti vya mbele vya Royal! Angaliona watoto wasiovaa viatu wakifuata habari yenye watu ishirini, ndoto ndani ya habari, miaka kumi iliyorukwa kwa wimbo mmoja, ndugu wawili waliopotezana utotoni, na yote hayo kwa lugha ya kigeni. Tena wakizomea kabla adui hajatokea mlangoni, kwa sababu wamekwisha kujua kwa ngoma ya chini kwamba yuaja.

Walifahamuje basi? Sisi tuliketi pamoja nao, twaweza kueleza kidogo.

Jambo la kwanza, hakuna aliyetazama peke yake. Katika kila safu alikuwamo mmoja ajuaye, ama Mhindi wa jirani, ama mtu aliyekulia dukani kwa Wahindi, ama aliyeiona picha ile jana. Huyo alinena kwa sauti ndogo, na maneno yake yakapita kutoka kiti hata kiti kama maji katika mfereji. Sikuile mjomba wetu alipewa maneno na mzee aliyekaa kushoto kwake, akatupa sisi, nasi tukampa mtoto aliyekuwa kulia kwetu ambaye hatukumjua jina. Huyo mzee hakufasiri neno kwa neno. Alisema tu, "Anamwambia hana haya," au, "Deni la baba huyo, sasa anamdai mjane." Mkalimani wa mahakama angaliona haya kwa tafsiri kama ile, lakini ilitosha, na wakati mwingine, twadhani, ilizidi.

Jambo la pili, picha haikuonwa mara moja. Iliyopendwa ilirudishwa mwaka hata mwaka, na watu waliirudia kama tunavyorudia sisi Zaburi. Mother India ilitoka mwaka 1957, nasi tuliiona katika miaka ya 1980, na ukumbi ulikuwa umejaa watu waliojua kila wimbo. Wimbo ulipoanza waliimba pamoja, wakitamka maneno ya Kihindi kwa matamshi ya Kiswahili, kila silabi na irabu yake mwishoni.

Jambo la tatu ni kubwa kuliko hayo, nalo ni kwamba habari yenyewe ilikuwa yao. Wasomaji ambao hawakuiona picha hiyo watuwie radhi tukiwasimulia kwa ufupi. Radha ni mwanamke wa shamba. Mama mkwe wake amekopa fedha kwa tajiri wa kijiji ili kumwozea, na kwa kuwa hajui kusoma ametia alama katika karatasi asiyoijua. Kwa ajili ya deni hilo wanatoa mavuno yao kila mwaka wala deni halipungui. Mume anapondwa mikono na jiwe, anaona aibu, anakimbia. Radha anavuta jembe kwa mabega yake mwenyewe. Mtoto wake mmoja, Birju, anakua na hasira moyoni, anakuwa mnyang'anyi, anamwua yule tajiri na kuteketeza vitabu vya madeni. Kisha anamteka binti ya tajiri, na mama yake anamwambia aache, naye haachi, na mama anampiga risasi mwanawe kwa mkono wake, kwa kuwa heshima ya binti wa kijiji ni heshima ya kijiji chote.

Sasa, ni nani Unguja asiyeijua habari hiyo? Mashamba ya mikarafuu yalikuwa yamewekwa rehani kwa watu wa fedha hata serikali ikalazimika, mwaka 1934, kutoa sheria ya kuzuia ardhi isichukuliwe kwa madeni. Wako wazee waliokuwa wametia kidole gumba katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Walipoona kitabu kile cha madeni juu ya kitambaa hawakuhitaji mkalimani. Na ni ajabu, tena ni jambo la kutafakari, kwamba wakopeshaji wa Unguja wengi wao walikuwa Wahindi, na picha iliyowaonyesha watu dhuluma ya mkopeshaji ilitoka kwa Wahindi, ikaonyeshwa katika nyumba iliyojengwa kwa fedha za Wahindi, na Wahindi wa mjini wakalia kama wengine.

Jambo la nne lilitendeka nje. Picha ilipokwisha, habari haikwisha. Ilihamia barazani. Usiku ule mjomba na jirani zake waliketi mbele ya nyumba, kahawa ikapita, wakaanza kuhukumu: je, mama afanya haki kumwua mwanawe? Mmoja, mshonaji, akasema kwamba sheria ya Mungu haimruhusu. Mwingine akasema mama ndiye aliyeleta roho ile duniani. Mjomba, aliyekuwa Mkristo peke yake pale, akaleta habari ya Ibrahimu na mwanawe, na wenzake wakaikubali mara kwa kuwa wanayo, ila kwa jina la mwana mwingine. Wakafika usiku wa manane. Hatujapata kusikia mahubiri yaliyojadiliwa hivyo, na twasema hayo kwa huzuni, maana sisi pia twahubiri.

Hapo barazani ndipo tulipojifunza neno ambalo wana lugha wapaswa kuliandika. Ni neno steling. Maana yake ni mtu mkuu katika habari ya picha, yule ambaye mambo yote yamhusu. Asili yake ni neno la Kiingereza lililokuwa likiandikwa mwanzoni mwa picha, juu ya majina ya wachezaji wakubwa. Watu walilisoma, wakadhani ni cheo. Na ni cheo kweli tangu siku hiyo. Maneno mengi ya Kiingereza yameingia kwetu kwa sikio, yametoka kinywani mwa bwana au askari. Hili limeingia kwa jicho. Na pamoja nalo ikazaliwa kauli, "Steling hafi," ambayo sasa husemwa hata na watu wasiofikiri sinema kabisa, kwa mtu aliyeponea chupuchupu. Usiku ule palikuwa na ugomvi mkubwa. Vijana walisema steling ni Birju. Wazee wakasema haiwezekani, kwa kuwa Birju amekufa, na steling hafi. Kwa hiyo steling ni mama. Tulikuwa watoto, tukaona ni maneno ya mchezo. Siku hizi twaona kwamba wazee wale walikuwa wameifahamu picha ile hata shina lake, kwa kuwa jina lake lenyewe ni la mama.

Maneno mengine yalifuata. Filamu iliitwa mkanda, kwa kuwa ni kitu kirefu cha kuzungushwa kama mshipi. Picha ikapanda ngeli: picha nzuri ya kawaida ni picha, lakini iliyo ndefu na ya kutisha ni picha la mapigano, au picha la Kihindi, kama mtu anavyokuwa jitu. Mkanda mmoja uliweza kuonyeshwa nyumba mbili usiku mmoja, kwa kutanguliza moja, na kijana mwenye baiskeli alikimbia na kigurudumu kilichokwisha kuonyeshwa kukipeleka upande wa pili. Akichelewa, ukumbi wote ulimtukana bila kumwona.

Katika muziki tutapita upesi, kwa kuwa wengine wajua kuliko sisi. Itoshe kusema kwamba sauti nyingi za taarabu zilichukuliwa katika picha za Misri na za Bara Hindi, na Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa kuimba mashairi safi ya Kiswahili kwa sauti za picha za Kihindi. Wapo wanaoudharau uimbaji huo wakisema si wetu. Sisi wa kanisa tusiwe miongoni mwao, maana nyimbo zetu za Jumapili zimeimbwa kwa sauti za Kiingereza na Kijerumani tangu siku za babu zetu, wala hatujaona haya.

Nyumba zile zilikufa polepole. Televisheni ilifika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, mapema kuliko Tanzania bara kwa miaka kama ishirini. Kisha zikaja mashine za video, na mtu akaweza kutazama picha ileile sebuleni, na wanawe na mkewe, na mlango umefungwa. Cine Afrique ikageuzwa kuwa maduka. Majestic iliacha kuonyesha picha kama zamani, viti vikaondoka, paa likaanza kubomoka, na ingawa wako watu wenye nia njema waliojitahidi kuitengeneza nyumba, wale waliokaa ndani yake wametawanyika. Mnamo miaka ya mwisho ya 1990 likaanza tamasha la picha mjini, nalo lina sifa yake. Lakini wageni wengi wanaoketi Ngome Kongwe husoma tafsiri zilizoandikwa chini ya picha, kila mmoja kwa macho yake. Hakuna anayempa jirani neno.

Mwaka mmoja katika Juma Kuu tulikuwa na darasa la mafundisho la watoto, nasi tukawasimulia Mateso: bustani, busu, baraza la Pilato, mjeledi, msalaba. Tulipofika mahali pa kukata roho, mtoto mmoja wa kike, ambaye hata miaka tisa hajatimiza, akainua mkono akasema, "Lakini, Mwalimu, steling hafi." Wenzake wakacheka. Tukamwuliza ameyapata wapi maneno hayo, kwa kuwa alizaliwa baada ya viti vya Majestic kwisha kuondolewa. Akasema ni maneno ya bibi yake. Tukamwambia aje Jumapili.